Kicheko cha Kashasha: Taarifa ya Waganga Yapimwa

Katika maandiko juu ya afya ya watoto wa shule katika nchi ya Bukoba, pengine hakuna lililosafiri mbali kuliko taarifa moja fupi ya kurasa nne, iliyochapwa mwaka 1963 katika jarida la waganga liitwalo Central African Journal of Medicine. Waandishi wake ni madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, na habari yake ni ule ugonjwa wa kucheka uliowapata wasichana wa Kashasha mwaka 1962. Huko Ulaya na Marekani habari hii husimuliwa mpaka leo, na mara nyingi husimuliwa ili kuchekesha watu. Wasimulizi ni wengi, lakini walioisoma taarifa yenyewe ni wachache.

Sisi tulio hapa Miembeni, mjini Bukoba, twaona yafaa taarifa ile ipimwe na watu wa nchi ambayo mambo yenyewe yalitokea, na hasa ipimwe na waalimu. Hatufanyi hivyo kwa kuwadharau waganga wale, kwani walifanya kazi ngumu kwa uaminifu. Twafanya hivyo kwa sababu ndani ya kurasa zile nne limo swali ambalo kila mwalimu hulikuta siku moja: mtoto wa shule akiugua, na mganga asione ugonjwa katika mwili wake, je, kazi ya huduma ya afya imekwisha, au ndiyo kwanza inaanza?

Kwanza na tuyaeleze mambo yenyewe kwa utaratibu, maana yamechafuliwa sana na masimulizi.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya wasichana ya misheni huko Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Shule ile ilikuwa ya bweni, na wanafunzi wake walikuwa 159, wenye umri wa miaka 12 mpaka 18. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wasichana 95 walikuwa wamepatwa. Waalimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hakupatwa hata mmoja. Shule ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni.

Wakati huohuo jambo lile lilikuwa limekwisha kutoka nje ya ua wa shule. Siku kumi baada ya Kashasha kufungwa, lilionekana Nshamba, nyumbani kwa baadhi ya wasichana waliorudishwa, na huko likawapata watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Katikati ya Juni shule nyingine ya wasichana, karibu na mji wa Bukoba, ilifungwa baada ya wasichana 48 kati ya 154 kupatwa. Binti mmoja wa shule hiyo akarudi kwao Kanyangereko, jamaa zake wakapatwa, na shule mbili za wavulana za upande ule zikafungwa.

Na dalili zake zilikuwa zipi? Mgonjwa hakuwa mtu aliyefurahi. Alicheka na kulia, dakika chache au saa kadhaa, akatulia, kisha ikamrudia. Alihangaika, na akizuiliwa aliweza kupigana. Wengine walisema kwamba vitu vinatembea kichwani mwao, au kwamba kuna mtu anawafukuza. Hali hiyo ilidumu kwa mgonjwa mmoja siku saba kwa wastani, na aliyekawia kuliko wote alikaa siku 16. Hakufa mtu.

Basi tuanze na sifa, maana mkosoaji asiyeona jema hana haki ya kutaja baya. Waganga wale waliutazama mwili wa mtoto kwa uangalifu mkubwa. Walipima homa, wakakuta hakuna. Walitazama shingo kama imekakamaa, wakatazama mboni za macho wakaona zimepanuka kuliko za watu wazima wa afya, wakagonga magoti wakaona miguu inaruka kupita kawaida. Walitoa damu, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakatafuta vijidudu na virusi. Watu walikuwa wakisema kwamba unga wa mahindi umetiwa sumu, na wengine walisema hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki. Waganga hawakuyabeza maneno hayo, bali chakula kilichunguzwa, na sumu haikuonekana. Hivyo ndivyo ipasavyo. Mtu anayeanza kwa kusema, "Hawa wanajisingizia tu," kabla ya kupima damu, ni mtu wa hatari, maana siku moja ugonjwa wa kweli utampita chini ya pua.

Sifa ya pili ni kwamba waliandika jina ambalo watu wenyewe walilitumia. Walisikia *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka, na jina jingine, *akajanja*, yaani wazimu, wakayatia yote mawili katika taarifa. Tulishike sana jambo hili. Watu wa Buhaya waliliita jambo lile ugonjwa tangu mwanzo. Kicheko walikiona kuwa dalili, kama vile kikohozi kilivyo dalili ya mapafu. Waliokuja baadaye kulisimulia ng'ambo walilichukua neno "kucheka," na neno "ugonjwa" wakaliacha nyuma.

Sasa tuje kwenye kasoro. Ya kwanza ni ndogo, lakini inaonyesha njia. Shule ile ya karibu na mji imeandikwa katika taarifa kuwa "Ramashenye," na pale pengine pameandikwa "Kanyangereka." Mwenyeji wa Bukoba akisoma hivyo hujua mara moja kwamba yanayokusudiwa ni Rwamishenye na Kanyangereko. Lakini vitabu na makala za nchi za nje zimeyarudia majina hayo yaliyopinda miaka zaidi ya 60, kila mmoja akinakili kwa mwenzake, wala hakuna aliyeuliza. Jina la mahali likipotea, wenye mahali hapo hupotea pamoja nalo. Mtoto wa Rwamishenye anayesoma habari hizo leo hawezi kujua kwamba zahusu mtaa wake na bibi zake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni katika hukumu yao. Walipokosa vijidudu na sumu, waganga walisema kwamba jambo lile ni histeria, yaani fadhaa inayopita kwa watu wengi pamoja, tena kwamba hupata watu wa namna fulani. Walieleza kuwa watu wenye elimu na hadhi hawakupatwa. Hapo twawaomba wasomaji wasimame kidogo. Wasichana wa shule ya kati katika Tanganyika ya mwaka 1962 walikuwa nani, kama si watu wenye elimu? Miongoni mwa mabinti wa rika lao katika nchi nzima, walikuwa wachache waliobahatika kufika darasa lile. Walijua kusoma na kuandika, na wengi wao walikuwa wamewapita baba na mama zao kwa kisomo. Hivyo sababu iliyotolewa haisimami. Kilichowatenga wasichana na waalimu wao hakikuwa elimu. Mwalimu alikuwa akiamuru na msichana akiamriwa. Mwalimu aliweza kuondoka jioni akaenda alikotaka, na msichana hakuweza.

Na hili latufikisha kwenye kasoro ya tatu, iliyo mama wa nyingine. Taarifa yatueleza yaliyomo katika damu ya msichana, lakini haituelezi maisha yake. Aliamka saa ngapi, alilala saa ngapi, alikula nini akashiba au asishibe, aliadhibiwa kwa nini, alikuwa na mtihani gani mbele yake, alipata barua za nyumbani au hakupata, walilala wangapi katika chumba kimoja: hayo hayamo. Wale watatu wa kwanza wa tarehe 30 Januari hatuwajui kwa sauti zao hata kidogo. Tumeachiwa maneno mawili tu ya wagonjwa, kwamba vitu vinatembea kichwani na kwamba kuna mtu anayefukuza, nayo yameorodheshwa pamoja na mboni na magoti, kama kwamba nayo ni sehemu za mwili. Hakuna aliyeandika swali ambalo hata mama asiyejua kusoma angaliuliza: "Ni nani anayekufukuza, mwanangu?" Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia walikuwapo, 159 kwa hesabu, nao hawakuulizwa.

Kasoro ya nne si ya taarifa peke yake, bali ni ya huduma yote ya wakati ule, na taarifa inaionyesha bila kukusudia. Dawa iliyotumika ilikuwa ni kufunga shule. Wasichana walirudishwa makwao, waliougua na wasiougua, na jambo lile likaenda nao. Tazama mfuatano wake: Kashasha yafungwa, siku kumi baadaye Nshamba yaanza, Rwamishenye yafungwa, binti arudi Kanyangereko, na watu wa nyumbani kwake wapatwa. Na shule ilipofunguliwa mwezi Mei bila kitu chochote kujulikana kubadilika ndani yake, wasichana 57 walipatwa tena. Fadhaa haikutibiwa kwa kupewa nauli.

Mtu atasema, "Wangalifanya nini zaidi? Waganga walikuwa wachache, barabara mbaya, na nchi ilikuwa changa, majuma saba tu tangu uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961." Jambo hilo ni kweli, nasi hatuwahukumu watu wa mwaka 1962 kwa vyombo vya leo. Lakini Kanyangereko hiyohiyo imetupa mfano wa pili, na mifano miwili ikiwekwa pamoja hufundisha kuliko mmoja.

Mwezi wa Machi 2023 watu walianza kufa katika Wilaya ya Bukoba, kata za Maruku na Kanyangereko, kwa maradhi yasiyojulikana. Vipimo vilifanywa, na tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza kwamba ni ugonjwa wa Marburg, wa mara ya kwanza kuonekana katika Tanzania. Safari hii huduma ya afya haikungoja mgonjwa aje hospitali. Iliuliza kila mgonjwa alikaa na nani, alihudumiwa na nani, alizikwa na nani. Ikapata watu zaidi ya 200 waliowakaribia wagonjwa, ikawatazama kila mmoja kwa siku 21 huko huko walikokuwa. Wagonjwa wote walikuwa 9, na 6 wakafa, mmoja wao mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni 2023 ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha, nao haukupata kufika mbali.

Marburg na fadhaa ya Kashasha si ndugu. Moja ni virusi na huua. Nyingine haikuua mtu. Lakini njia ya kufuata ni ileile: kumwuliza mtu, kuijua nyumba yake, kumfuata pole pole bila kumtupa. Mwaka 2023 njia hiyo ilifuatwa kwa sababu maabara ilikuwa imesema neno. Mwaka 1962 maabara iliposema, "Sioni kitu," kuuliza nako kukakoma. Hapo ndipo twasema kwamba huduma ilikosea: ilidhani kwamba palipokosekana kijidudu pamekosekana ugonjwa.

Tuwageukie sasa wale waliokuja baadaye. Wa kwanza kuandika kwa uzito ni Benjamin Kagwa wa Uganda, aliyechapisha makala mwaka 1964 katika East African Medical Journal, akilitia jambo la Bukoba pamoja na yaliyotokea Uganda, Kigezi na Mbale. Faida yake ni kwamba alitazama mambo kama mtu wa Afrika Mashariki, akaona kwamba watu waliovutwa na mapokeo ya wazee upande mmoja na mambo mapya upande wa pili hubeba mzigo wa kweli. Mwaka 1987 mganga Mwingereza Simon Wessely alitenga aina mbili za fadhaa ya kundi: moja ya ghafula, inayopita kwa siku moja, na nyingine inayokuja polepole, hukaa majuma au miezi, nayo huota mahali ambapo watu wamekaa muda mrefu chini ya shida wasiyoweza kuiepuka. Kashasha, kwa kudumu kwake, yafanana na hiyo ya pili. Na mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtaalamu wa lugha na wa mambo ya kuchekesha, aliandika katika jarida liitwalo Humor kuwasahihisha wasimulizi: hapakuwa na mtu aliyecheka miezi mfululizo, wala kicheko kile hakikutokana na mzaha, kilikuwa ni dalili moja kati ya nyingi za watu walioelemewa.

Maneno hayo ni mazuri, lakini hayakuwafikia wengi. Hadithi inayopendwa ni ile nyingine, kwamba nchi nzima ilianguka chini kwa kucheka. Na wengine wenye kupenda maelezo makubwa husema kwamba ni uhuru uliowachanganya watu. Labda una sehemu yake. Sisi hatuwezi kukataa wala kukubali. Lakini twaona jambo la ajabu: wenye nadharia hiyo humruka tena msichana, wakaiendea siasa, kama vile waganga walivyomruka wakaiendea damu yake. Mwenye habari bado hajaulizwa.

Sasa basi, haya yanatuhusu nini sisi waalimu wa leo? Yanatuhusu sana. Huduma ya afya imefika shuleni kwa njia nyingi ambazo mwaka 1962 hazikuwapo. Watoto hugawiwa dawa za minyoo na za kichocho. Wasichana huchanjwa kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, chanjo iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018. Ni mema makubwa, na mzazi anayeyakataa humdhulumu mwanawe. Lakini yote hayo ni kazi ya mwili, na huja kwa siku maalumu: gari lafika, watoto wajipanga, dawa zamezwa, gari laondoka. Fadhaa haina siku maalumu. Na mara kwa mara twasikia katika shule zetu kwamba wasichana wameanguka, wamepiga kelele, wamekimbia. Kisha wazazi husema ni mapepo, wengine husema ni ujanja wa kukwepa masomo, na shule hufungwa. Hivyo twarudi palepale pa Kashasha.

Maoni yetu ni haya. Jambo la namna hiyo likitokea, mganga na aitwe kwanza, aupime mwili kwa bidii kama walivyofanya Rankin na Philip, maana homa ya matumbo, malaria na sumu katika chakula hazichagui shule. Waliopatwa na watengwe kwa upole mahali pa utulivu, mbali na macho ya wenzao, maana jambo hili hupita kwa kuonana. Wasipigwe, wala wasidhihakiwe. Shule isifungwe kwa haraka. Na ikifungwa, kila mzazi apelekewe habari ya kweli, ajue la kufanya mtoto akifika. Kisha, vipimo vikirudi bila kitu, hapo ndipo mahojiano yaanze, si kabla ya hapo kukoma. Mwanamke anayeaminiwa, awe muuguzi au mwalimu asiyeshika fimbo, akae na wasichana mmoja mmoja, asikilize, aandike. Yaulizwe mambo ya chakula, usingizi, adhabu, masomo, na hofu za usiku. Na likionekana jambo linalowaumiza, liondolewe kabla shule haijafunguliwa, lisije likawangoja mlangoni kama lilivyowangoja wale 57.

Kazi hiyo haihitaji maabara, wala haingoji gari kutoka mjini. Mwalimu anayeishi na watoto aweza kuianza leo, kabla hajaanguka hata mmoja. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mzigo unaoonekana mwepesi kwa mtu mzima waweza kumvunja mtoto wa miaka 12.

Jambo la mwisho. Wasichana wale wa Kashasha, aliye hai leo ni bibi mwenye miaka sabini na kitu au themanini. Wengine bila shaka bado wako Muleba, na wengine hapa hapa mjini. Taarifa ya mwaka 1963 ilikuwa na kurasa nne, nayo yangojea ya tano, ambayo wao peke yao waweza kuisema. Twawasihi waalimu wenzetu walio karibu nao waende wakawaamkie kwa heshima, wawaombe, na wakikubali kusema, wawasikilize bila kucheka.